Nilikuwa Sikio la Katikati

Ndugu msomaji, kabla sijafika kwenye habari za mwanga na makontena, ni haki nianze kwa kukiri kosa. Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa nilikuwa mwizi. Sikuiba pesa. Pesa za watu nilizihesabu na kuwakabidhi bila kupungua hata shilingi mia. Nilichoiba ni maneno yao.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2018. Matokeo yalipotoka hayakuwa ya kumpeleka mtu popote. Mjomba wangu alikuwa na kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu hapa Bahi, si mbali na stesheni ya reli, akaniweka hapo nimsaidie. Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati matupu, meza moja, stuli mbili na dirisha dogo la nondo. Jua la Ugogo likishapanda, ndani unaiva kama muhogo. Lakini sikulalamika, kwa sababu mezani nilikuwa na daftari. Tangu darasa la saba nilikuwa nimejiapiza kwamba nitaandika riwaya, na mtu mwenye nia hiyo hapati mahali pazuri kuliko dirisha la pesa. Mji mzima unapita hapo, na kila anayepita ana habari yake.

Wateja wangu wengi walikuwa wazee. Walitoka vijiji vya kando ya mbuga, kule kwenye majaruba ya mpunga, wamefunga simu ndogo za tochi kwenye ncha ya khanga au ndani ya kitambaa. Wengine hawakujua kusoma, na wengine walijua lakini macho yamegoma. "Mjukuu, nisomee," mtu anakwambia, anakupa simu nzima mkononi. Unamsomea ujumbe wa mwanawe, anafikiri kidogo, anakwambia ujibu hivi na hivi, unaandika, unatuma. Kisha anataka kutoa pesa. Simu inadai namba ya siri. Mzee wa watu anaitaja kwa sauti, kama anayetaja bei ya nyanya, nami naibonyeza. Hebu fikiria, siri ya watu arobaini hamsini ilikuwa kichwani mwa kijana mmoja wa miaka kumi na tisa. Na wote waliniamini.

Alikuwapo bibi mmoja ambaye nilimpenda kuliko wote. Akifika dirishani ananiamkia "Mbukwa!" kwa sauti ya mtu anayecheka, nami namjibu shikamoo kwa adabu zote. Mwanawe mmoja alikuwa Dar es Salaam, na ujumbe wa huyo bwana haukuwa kama wa watu wengine. Alikuwa anaandika! Alisimulia chumba alichopanga, majirani, mvua ya Dar, jinsi alivyokosa kazi akapata akakosa tena. Mie nikisoma kwa sauti nilikuwa nasikia riwaya. Jioni nikifunga kibanda naandika yote niliyoyakumbuka. Nilibadilisha majina, nikampa yule bwana jina la kitabuni, nikajiambia sasa hii ni sanaa, si habari za mtu tena.

Siku moja ukaja ujumbe mrefu. Yule bwana alikuwa ameweka rehani jaruba la familia ili alipe deni, na alimsihi mama yake asiwaambie ndugu zake mpaka atakapolikomboa. Bibi alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Mwambie nimesikia." Basi. Maneno mawili tu niliyoandika.

Usiku ule sikulala. Niliandika kurasa kumi na moja. Jumapili nikazipeleka kijiweni, chini ya mwarobaini, nikawasomea masela. Bwana wee, walinyamaza kimya! Ndugu mwandishi mwenzangu, unaijua raha ile ya kusoma kazi yako na watu wakaacha kutafuna. Nilirudi nyumbani natembea juu ya ardhi. Wala haikunipitia akilini kwamba walinyamaza kwa sababu walimtambua mwenye jaruba.

Wiki haikuisha, ndugu wa yule bwana wakajua. Kukawa na kelele, kukawa na kikao cha ukoo, maneno yakasemwa ambayo hayarudi mdomoni. Yule bwana hakuonekana Bahi mpaka mwaka 2022, tena alikuja kwa ajili ya msiba. Mie nilikuwa bado sijajitambua. Nilijiambia habari za mjini huwa zinasafiri tu zenyewe, hujui zimetokea wapi.

Lakini Bibi alitaka kujua zimetokea wapi. Mama huyu hakuwahi kukaa darasani, na alichokifanya nilikuja kukielewa vizuri miaka minne baadaye, nilipoelezwa habari za wanasayansi wakubwa wa dunia.

Watu waliokuwa wakimsomea ujumbe walikuwa wawili: mimi, na binti mmoja wa jirani yake. Alimtuma mtu aliyekuwa anapanda basi la Dar es Salaam ampelekee mwanawe maagizo kwa mdomo. Mwana atume ujumbe mara mbili, siku mbalimbali. Wa kwanza useme amenunua mbuzi sita. Wa pili useme amenunua ng'ombe watatu, amewaacha kwa mtu kule Manyoni. Wa mbuzi Bibi akampelekea binti asome. Wa ng'ombe akauleta dirishani kwangu. Kisha akakaa kusubiri.

Mie na ng'ombe wale watatu! Nilifurahi kana kwamba ni wangu. Niliona hadithi yangu sasa imepata mwisho mwema, mtu aliyeanguka anainuka. Nikaandika sura mpya, nikaisoma kijiweni. Baada ya siku chache, Bibi akiwa kwenye foleni ya maji, mwanamke mmoja akampongeza kwa ng'ombe. Mbuzi hakuulizwa na mtu yeyote.

Alikuja saa za mchana, hakuna mteja. Safari hii hakusema mbukwa. Alivuta stuli akakaa, akaniangalia kupitia nondo.

"Mjukuu wangu," alisema, "hakuna ng'ombe."

Sikuelewa. Akarudia, taratibu, "Hakuna ng'ombe. Hawakuwapo."

Ndipo nikaelewa. Nilitamani mabati yale yanifunike. Nilianza kujitetea, nikataja riwaya, nikataja majina niliyobadilisha. Akaomba aone daftari. Nikampa. Akaligeuza-geuza, akanirudishia, akasema, "Soma." Nikamsomea yote, tangu mwanzo, sauti inakatika. Nilipofika kwenye jaruba akanisimamisha. Nilikuwa nimeandika kwamba mama wa hadithi alilia. "Sikulia," alisema. "Umesema uongo na hapo pia." Akasimama, akachukua simu yake mezani, akaondoka. Daftari akaliacha. Alikaa zaidi ya miaka minne bila kukanyaga kibandani kwangu.

Sasa nije kwenye makontena.

Sisi tuliokulia Bahi makontena tunayajua tangu utotoni. Reli ya kati, ile waliyoijenga Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 hadi ikafika Kigoma mwaka 1914, imepita hapa hapa. Treni la mizigo likija tulikuwa tunahesabu makontena kwa kupiga kelele, na aliyekosea hesabu anapigwa kofi la kichwa. Baba mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa reli ndiye aliyetuonyesha lakiri, kile kipande cha chuma mlangoni ambacho wenyewe wa bandarini wanakiita sili. Alituambia mwizi anaweza kufungua kontena, hilo ni jambo la nguvu tu, lakini hawezi kufungua na lakiri ikabaki ilivyokuwa. Mwenye mzigo kule mwisho wa safari haulizi kwanza mzigo uko salama. Anaangalia lakiri.

Krismasi ya mwaka 2024 alikuja kututembelea mtoto wa mama mkubwa, kaka yangu kwa hesabu hiyo, aliyesomea kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma. Nikamuuliza kazi yake Dar es Salaam ni nini hasa. Akasema, "Natunza makontena." Nikacheka, nikafikiri jamaa amekosa ajira sasa yuko bandarini. Kumbe hata kwenye kompyuta kuna makontena!

Alinieleza hivi. Zamani programu kubwa ilikuwa kama mzigo wa kubeba mikononi: gunia hapa, pipa pale, kila meli inapangwa upya. Mwaka 1956 Mmarekani Malcom McLean alipakia makasha 58 ya chuma kwenye meli Ideal X, kutoka Newark hadi Houston, na dunia ya mizigo ikabadilika, kwa sababu kasha ni lile lile melini, kwenye lori na kwenye behewa. Watu wa kompyuta waliiga jambo hilo. Wanaifunga programu pamoja na vikorokoro vyake vyote ndani ya kifurushi kimoja, kikapelekwa kwenye mashine yoyote kikafanya kazi vile vile. Jambo lenyewe lilikuwapo kwa namna namna, ila lilipata umaarufu tangu mwaka 2013 ilipotoka Docker. Siku hizi huduma moja ya pesa yaweza kuwa makontena mengi mno: moja linakagua namba ya siri, jingine linaangalia salio, jingine linatuma ule ujumbe wa "umepokea". Na yote yanaongea, usiku na mchana, hayalali.

"Sasa yanapoongea," kaka alisema, "nani yuko katikati?"

Swali lile lilinichoma, lakini yeye hakujua.

Makontena mawili yakiwa ndani ya mashine moja, maneno yao hayatoki nje. Lakini moja likiwa Dar es Salaam na jingine Dodoma, maneno yanapita kwenye mkongo, uzi wa kioo mwembamba unaobeba mwanga. Mtu mwenye vifaa akiufikia uzi ule na kuupinda kiasi, mwanga kidogo huvuja, naye anausoma. Mwanga unaobaki unaendelea na safari, na kule mwisho huenda asijue mtu. Ndiyo tofauti na kontena la reli. Maneno yakinakiliwa hayapungui, na lakiri haivunjiki kwa sababu haipo.

Kwa hiyo maneno hufungwa kwa ufunguo. Yanageuzwa kuwa fujo ya tarakimu ambayo mwenye ufunguo peke yake ndiye anayeweza kuirudisha. Vizuri, lakini ufunguo wenyewe utamfikiaje mwenzako aliye mbali? Ukiupitisha kwenye uzi ule ule, anayesikiliza anauchukua pia. Hadi sasa dunia imetegemea hesabu ngumu. Mojawapo, inayojulikana kwa herufi tatu, RSA, ilibuniwa mwaka 1977, nayo inategemea ugumu wa kuichambua namba kubwa mno kurudi kwenye namba mbili tasa zilizozidishwa kuizaa. Mwaka 1994 Peter Shor akaonyesha kwamba kompyuta ya aina nyingine, ya kwantamu, ikijengwa kubwa ya kutosha, itaichambua bila jasho. Kompyuta ya ukubwa huo bado haijatangazwa na yeyote. Lakini mwenye subira anaweza kurekodi leo maneno yaliyofungwa, akayaweka ghalani, akangoja. Siri ya kukaa miaka ishirini haina haja ya kuvunjwa leo.

Hapo ndipo linapoingia jambo linaloitwa usambazaji wa ufunguo kwa kwantamu. Kaka alichukua vijiti vya kiberiti akavipanga mezani ili nielewe, nami nitajaribu kukueleza bila vijiti.

Mwanga ni chembe chembe, na chembe moja huitwa fotoni. Kila fotoni ina mwelekeo wa mtetemo wake. Mtumaji anaweza kuipanga wima au mlalo: wima ni 0, mlalo ni 1. Au anaweza kutumia mtindo wa pili, mshazari: wa kulia ni 0, wa kushoto ni 1. Kila anapotuma fotoni moja anachagua mtindo kwa kubahatisha, kama kurusha shilingi. Mpokeaji hajui mtindo uliotumika, naye anabahatisha. Akipatia, anasoma tarakimu sawasawa. Akikosea, anapata jibu la bahati nasibu, na fotoni ile haina tena kumbukumbu ya ilivyokuwa. Baadaye wanapigiana simu ya kawaida, hata watu wakisikia, wanatajiana mitindo tu, tarakimu hawazitaji. Pale walipolingana, karibu nusu, wanabakiza. Pengine pote wanatupa. Zilizobaki ndizo za kutengenezea ufunguo.

Sasa mwingize mwizi katikati. Naye hajui mtindo. Atakosea nusu ya mara, na kila akikosea atakuwa ameiharibu fotoni kabla haijafika. Kunakili pembeni hawezi, kwani ilithibitishwa mwaka 1982 kwamba hali ya kwantamu usiyoijua haiwezi kurudufiwa. Nusu ya zile alizoharibu zitamfikia mpokeaji zikiwa na kosa. Nusu ya nusu ni robo, kwa hiyo katika tarakimu 100 walizobakiza, 25 hivi hazitalingana. Basi wale wawili wanatoa sehemu ya tarakimu zao, wanasomeana hadharani, wanalinganisha, kisha hizo walizosoma wanazitupa maana zimeshasikika. Makosa yakiwa mengi, ufunguo wote unatupwa, hakuna siri iliyopita bado.

Nilimwambia kaka, "Ngoja." Nikatoka nje. Nikasimama kwenye giza la uani, nikasikia ile sauti: hakuna ng'ombe. Bibi alikuwa amefanya jambo hilo hilo! Alitoa maneno ya kutupa, yasiyo na siri ndani yake, akayapitisha kwenye njia aliyoitilia shaka ili aone yatarudi na nini. Katika kulinda siri kuna maneno ambayo kazi yake ni kumtega msikilizaji tu.

Tangu siku ile nimeyafuatilia mambo haya kwa njaa, kwenye simu, bando likiruhusu. Na habari iliyonigusa zaidi, wenzangu mnaorudishiwa miswada, ni ya jamaa aitwaye Stephen Wiesner. Miaka ya karibu na 1970 aliandika makala kuhusu noti za pesa zisizoweza kughushiwa kwa sababu zimebeba hali za kwantamu. Makala ikakataliwa. Ilikuja kuchapishwa mwaka 1983, zaidi ya miaka kumi baadaye! Lakini alikuwa na rafiki, Charles Bennett, ambaye hakuacha kuisimulia. Mwaka 1979, kwenye mkutano kisiwani Puerto Rico, Bennett alimfuata mtu baharini wakiwa wanaogelea, mtu asiyemfahamu, akaanza kumweleza habari ya noti zile. Mtu huyo alikuwa Gilles Brassard kutoka Kanada. Mwaka 1984 wawili hao wakatoa utaratibu niliokueleza hapo juu, na unaitwa BB84 kwa herufi za majina yao.

Jaribio la kwanza walilifanya mwaka 1989, na mwanga ulisafiri sentimita kama 30 tu, kupungua hata kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole. Na kilichonichekesha hadi machozi ni hiki: mitambo yao ya umeme ilikuwa inatoa mlio tofauti kulingana na mwelekeo wa fotoni inayotumwa. Mtu akisimama mlangoni akasikiliza angeisoma siri yote kwa masikio. Brassard mwenyewe amewahi kutania kwamba chombo chao kilikuwa salama kabisa dhidi ya mdukuzi aliye kiziwi.

Leo mambo yamekwenda mbali, na Afrika yetu imo. Mwaka 2010, wakati wa Kombe la Dunia, watu wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal walitumia funguo za namna hii kulinda mawasiliano ya Uwanja wa Moses Mabhida kule Durban, kwa vifaa kutoka Uswisi. Na Oktoba 2024, miezi miwili kabla ya kaka kuja na vijiti vyake, Chuo Kikuu cha Stellenbosch huko Afrika Kusini na Wachina walifunga njia ya ufunguo kwa kutumia satelaiti ndogo, Jinan-1. Kutoka China hadi Stellenbosch ni kilomita 12,900. Habari ilitangazwa Machi 2025.

Nikamuuliza kaka kwa simu, lini basi hapa kwetu, Bahi na Dar? Akacheka, tukapiga hesabu. Katika uzi mzuri wa kioo, kila kilomita 100 inabakiza fotoni moja katika mia. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 500. Mia, mara mia, mara tano: inafika moja katika bilioni kumi. Mawasiliano ya kawaida huwekewa vikuza-mwanga njiani, lakini hapa huwezi, kwa sababu kukuza ni kunakili, na kunakili ndiko kulikokatazwa. Kwa hiyo unaweka vituo. Njia ya Wachina ya Beijing hadi Shanghai, iliyozinduliwa mwaka 2017, ni ya kilomita kama 2,000 na ina vituo 32. Kila kituo kinapokea ufunguo, kinaufungua, kinaufunga upya, kinausukuma mbele. Hata ile satelaiti ilikuwa kituo, ilijua siri za pande zote mbili. Vinaitwa vituo vya kuaminiwa.

Nilishika simu sikioni nisijue la kusema. Kituo cha kuaminiwa! Si ndio mimi na dirisha langu la nondo?

Wala mwisho wa njia si mwisho wa hatari. Mashine ya kwantamu ikishapokea ufunguo, lazima iukabidhi kwa kontena linalouhitaji, na hatua hizo chache za mwisho ufunguo unatembea kama tarakimu za kawaida tu. Tangu mwaka 2019 kuna utaratibu uliokubaliwa Ulaya wa jinsi programu inavyoomba ufunguo kwenye mashine hizo, lakini mlango ni mlango. Tena makontena ya mashine moja yanakaa juu ya mfumo mmoja, kama yale ya reli yalivyo juu ya behewa moja. Behewa likianguka yote yanaanguka. Na unapomlipa mtu aliye ndani ya kontena, fizikia haina la kusema. Kwa sababu kama hizi wakubwa wa usalama wa mitandao wa Marekani na Uingereza hawaishauri njia hii kwa kazi zao nyeti. Wanapendelea hesabu mpya ambazo kompyuta ya kwantamu inaaminika haitaziweza, na Marekani ilitoa viwango vyake vitatu vya kwanza Agosti 2024. Wengine wanasema tutumie vyote viwili. Mie si mtaalamu, ubishi huo nawaachia wenyewe.

Nilichojifunza mie ni kwamba waya haukunisaliti, na mtambo wa simu haukumsaliti Bibi. Ujumbe wa mwanawe ulifika kutoka Dar umefungwa vizuri tu. Ulifunguliwa mahali halali, na mtu halali, aliyeombwa auufungue, naye akaubeba jioni kwenda nao chini ya mwarobaini. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ni jambo jema. Lakini mwaka ule wa kosa langu hakuna sheria iliyonikosa. Nilikosa aibu.

Na hapa ndipo wasiwasi wangu ulipo mpaka leo. Sisi tunaotaka kuandika, kazi yetu ni nini kama si kusikiliza? Nikikaa kwenye basi nasikiliza. Nikikaa msibani nasikiliza. Nikiacha kusikiliza nitaandika nini, mawingu? Wengine wataniambia badilisha majina. Nilibadilisha. Wengine wataniambia omba ruhusa. Nakubali, ila kusema kweli nusu ya mambo yanayostahili kuandikwa hakuna anayeweza kuyatolea ruhusa. Sina jibu la kukupa. Nina kanuni moja ndogo niliyojiwekea: alichonikabidhi mtu kwa sababu hawezi kukisoma mwenyewe, sikiandiki. Haya niliyoandika leo nimemsomea Bibi kwanza, neno kwa neno, na mambo mawili matatu ameniambia niyatoe. Nimeyatoa. Hata jaruba si jaruba, ni kitu kingine alichonichagulia.

Maana alirudi. Yule binti aliyekuwa akimsomea aliolewa akahama, na mwanzoni mwa mwaka 2025 nikamwona dirishani, amezeeka, mkongojo mkononi. Sikujua niseme nini. Nikasema shikamoo. Akasema, "Marahaba. Sikuja unisomee. Nifundishe namba."

Tulichukua wiki tatu. Alikuja kila asubuhi kabla jua halijakasirika, tukachora tarakimu kwa mkaa juu ya kipande cha boksi. Sita na tisa zilimsumbua sana, alisema ni mtu yule yule amelala vibaya. Siku alipoweza, nikamwonyesha mahali pa kubadilishia namba ya siri, nikafika kwenye kile kisehemu kinachosema weka namba mpya. Nikampa simu.

Akaishika. Akaniangalia.

"Geuka huko," alisema.

Nikageuka ukutani. Treni la mizigo lilikuwa linapita, mabati yanatetemeka, nikajikuta nayahesabu makontena kimoyomoyo kama zamani. Nyuma yangu nilisikia kitufe kimoja, kimya kirefu, kitufe cha pili, kimya, cha tatu. Cha nne sikukisikia kwa kelele za treni.

"Tayari," akasema Bibi.

Namba yenyewe siijui hadi leo.